Domina katika Ukurasa wa Fortunatus

Vaileth anafundisha sekondari Mikumi. Akishasahihisha madaftari huiandikia kamusi elezo ya mtandaoni, wasifu wa watu wa Kilosa ambao majina yao yanafifia kama rangi ya mabati. Ana msimamo mmoja: ndoa, dini, kuzaliwa, watoto, haviingii bila gazeti au kitabu cha kuvithibitisha.

Ndiyo maana alipomwandika Fortunatus, mpiga gitaa wa Vidunda, sehemu ya ndoa aliiacha tupu, ingawa Fortunatus alikuwa mume wa mama yake mkubwa, Domina, aliyemlea. Baadaye mhariri mwingine asiyemjua akaijaza: hakuwahi kuoa. Chanzo, gazeti. Na gazeti lilinukuu wasifu wa marehemu aliousoma kaka yake, Oswald, makaburini.

Domina alipanda basi kutoka Ulaya, kijijini kwake huko huko Kilosa, akaja Mikumi.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba. Futa.”

“Nikifuta atarudisha.”

“Mahari ililetwa mchana kweupe! Mbuzi mmoja akatoroka njiani. Si hucheka wewe ukisimuliwa?”

“Yeye ana gazeti, mama. Mimi nina mbuzi.”

“Basi mwandike mbuzi.”

Usingizi ulimpaa Vaileth. Mkono uliomlisha ulikuwa unamwomba sentensi moja tu, na sentensi hiyo ilikuwa kweli. Hata hivyo hakuiandika. Asubuhi alimpigia mwandishi wa lile gazeti, akamwomba amuulize Oswald upya.

Oswald hakuzunguka. “Nilisema hakuoa, maana yake kanisani. Sisi wasifu unaosomwa mbele ya padri hautaji ndoa ya nyumbani. Mahari tulipeleka. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkimbiza yule mbuzi.”

Gazeti likatoa masahihisho: Fortunatus hakufunga ndoa kanisani, aliishi na Domina baada ya kumtolea mahari, wakazaa watoto watatu. Vaileth akayaingiza hayo pamoja na rejeo lake. Neno “mkewe” lilimjia vidoleni, akalirudisha, kwa kuwa gazeti halikulitumia.

Alimsomea mama yake mkubwa kwa simu.

“Aliishi na Domina,” Domina alirudia. “Kama mpangaji.”

“Ndivyo walivyoandika, mama.”

“Na mbuzi?”

“Hawakumweka.”

Domina akacheka.

“Soma tena,” akasema. “Anzia penye jina langu.”