Trela la Desemba

Sisi tuliokulia Kinoo, pembezoni mwa Nairobi, wakati kando ya barabara bado kulikuwa na kabeji badala ya fleti, Krismasi haikuanza na nguo mpya. Kwetu ilianza siku Baba aliporudi na misumari mfukoni, akainama kukagua matairi ya trela. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Spring Valley. Walipohama nchi walimwachia gari lao kuukuu, kubwa, la kuingia hadi kwenye matope, na viti vyake vilinuka mbwa wao mpaka mwisho. Majirani walidhani tumeukata. Hawakujua kwamba gari lile halikuja kutubeba sisi. Lilikuja kuvuta nyumba.

Baba alikuwa akijenga kwao Bungoma. Kwetu, mwanamume akifa kabla hajawa na nyumba yake bomani, hiyo ni aibu ambayo watu huisimulia hadi wajukuu wake wazeeke. Basi kila Desemba tulipeleka kipande: mwaka huu mabati, mwaka ujao milango, mwaka mwingine sinki, na bomba lenyewe la maji halijafika kijijini. Mama aliwahi kumuuliza kama Bungoma hakuna duka la vifaa vya ujenzi. Baba akasema milango ya Nairobi ndiyo milango.

Gari lenyewe halikuwa na pa kushikia trela. Baba alilipeleka kwa fundi wa kuchomelea hapo Kinoo, naye akachomelea chuma kwenye bampa, hakugusa chesisi, fremu yenyewe inayobeba gari. Mimi na kakangu Wafula tulisimama tukitazama cheche. Tulikuwa tumekatazwa kuutazama ule moto, na tuliutazama hadi macho yakawasha usiku kucha. Nakumbuka harufu ya chuma kilichoungua, na rangi ya kijivu iliyotushika vidoleni kwa sababu hatukuweza kungoja ikauke.

Mwaka huo tulibeba madirisha, vioo na yote, yamefungwa kwa blanketi zetu wenyewe. Tulikula mayai ya kuchemsha na viazi vilivyopoa, magoti yamebanwa na makopo ya rangi. Huko Timboroa, ambako baridi huuma hadi meno, gari lilikuwa likipanda kwa kulalamika, halafu ghafla likawa jepesi. Baba alifurahi, akalisifu. Wafula, aliyekuwa amegeuka nyuma, akaanza kupiga mayowe nami nikamfuata. Baba akadhani tunaimba, naye akaimba.

Bampa lilikuwa limeng'oka, na trela limerudi kinyumenyume hadi mtaroni. Hatukukuta kioo hata kimoja kizima. Mama alikaa kwenye nyasi, akalia kama mtu aliyefiwa.

"Baba Wafula," alisema, "hii nyumba utaimaliza. Lakini sijui nani atakaa ndani."

Baba alikuwa ameshaingia mtaroni. Alikuwa akiokota vipande kimoja kimoja asije akakatwa mtu. Krismasi hiyo tulilala katika nyumba yenye magunia madirishani, na upepo ulikuwa ukiyajaza na kuyaachia. Tuliporudi Kinoo, chuma kilifungwa upya, sasa kwa bolti kwenye chesisi, Baba mwenyewe akiwa amelala chini ya gari kuhakikisha.

Nyumba ilikamilika nikiwa nimeshaolewa. Mama ndiye aliyetangulia kuhamia huko, naye hakuingia ndani. Amelala kaburini, pembeni mwa veranda.

Mwaka huu mwenye ploti ya Kinoo ameiuza ili zijengwe fleti, na wapangaji wote, Baba akiwemo, wameambiwa wahame. Nilimwomba Baba aje akae nasi Westlands. Akasema hawezi kuishi mahali ambapo hata kuota jua ni lazima apande lifti. Anakwenda kukaa kwake Bungoma. Peke yake, kwa umri ule na magoti yale. Nilibishana naye hadi sauti ikanikauka, kisha nikapeleka gari letu likafungwe chuma cha kuvutia trela.

Siku hizi hakuna cheche. Ni vijana wenye glavu safi na kompyuta, maana gari lisipoambiwa kwamba lina trela, taa za trela hazikubali kuwaka. Lile gari la Baba halikuambiwa kitu, lilivuta tu. Mmoja wao alitoa spika sikioni ili anisikie.

"Madam, hii ni ya kuvuta nini, boat ama?"

"Ni ya kumhamisha mzee wangu."

"Aah. Basi tutaifunga poa, madam." Hakuirudisha ile spika hadi alipomaliza, na kwa hilo nikampenda.

Asubuhi ya kuondoka tulipakia kitanda, redio, meza ndogo na masanduku mawili. Trela halikujaa hata nusu. Wafula alirudi ndani kutazama kilichosalia, akatoka mikono mitupu. Baba alikikanyaga kile chuma mara kadhaa, akanigeukia. Huniita Mama, kwa kuwa nina jina la mamake.

"Hiki kitavuta, Mama. Usihuzunike. Vingine vyote nilishapeleka."

Zamani, tulipokuwa tukirudi Nairobi, trela lilijaa kuliko lilivyokwenda. Bibi aliweka ndizi, mahindi, kuku waliofungwa miguu, na bado alinung'unika kwamba kuna nafasi. Moshi wa jikoni kwake ulikaa garini hadi Februari. Safari hii hakukuwa na wa kutupakilia. Baba alisimama kwenye veranda, mkono kwenye nguzo, akitutazama tukigeuza gari kurudi Nairobi. Wanangu walikuwa nyuma na simu zao, wakituonyesha njia ambayo mimi na Wafula tunaijua tangu tukiwa wadogo.

Trela tupu hurukaruka na kugongagonga kila penye shimo. Tulipopita Webuye, binti yangu aliuliza kwa nini linapiga kelele hivyo. Nilimwambia ni kwa sababu halina kitu, kisha nikashindwa kuona barabara, na Wafula akachukua usukani.