Risiva Nne kwa Jina Moja

Wilondja si mtu wa fujo, ndiyo maana mambo ya Jumamosi ile yalimchanganya akili. Anapakia mizigo kwenye bohari moja huko Fort Worth, anaimba besi kanisani, na mama yake mzazi yuko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anamngoja. Mama hawezi kuletwa mpaka mwanawe awe raia wa Marekani. Maombi ya uraia yalikuwa yameshapelekwa, bado usaili. Kila alichogusa Wilondja mwaka ule, alimfikiria mama kwanza.

Sasa, Wakongo wenzake wa pale wana desturi yao: mmoja akienda dukani, anawabebea wengine. Mwenye gari na Kiingereza hununulia jengo zima mchele, matairi, hata simu, na ukikataa unaambiwa una roho mbaya. Basi yeye na wenzake watatu, wanaowinda nguruwe pori kwenye shamba la msimamizi wao wa kazi, walipoamua kujiundia bunduki, hapakuwa na mjadala. Walichanga, wakamtuma Wilondja akalete risiva nne. Risiva ni kile kipande cha chuma cha katikati, chenye namba, kinachoshika kifyatulio. Mitutu na vitako wangeagiza baadaye, viletwe mlangoni kama viatu.

"Iko chuma tu," alimwambia mkewe, Kethia. "Hata risasi haiwezi kutoka."

Dukani mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani akamwekea fomu ya serikali. Kumbe chuma kile peke yake, kisheria, ni bunduki! Wilondja akauliza: na mtutu, ambako risasi inapita? Mtutu ni kipuri, akajibiwa, nunua upendavyo. Ukutani palikuwa na tangazo kwamba anayechukua bastola mbili kwa mkupuo huripotiwa serikalini. Akajiona amekwisha, maana yeye anachukua nne. La, akaambiwa, risiva si bastola wala si bunduki ndefu, ripoti hiyo haikuhusu. Yaani ni bunduki, lakini si bunduki ya aina yoyote. Haya, elewa wewe.

Akaendelea kujaza mpaka swali moja likamkwamisha: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Chini yake onyo: kama unamnunulia mtu mwingine, wewe siye. Na uongo hapo ni jinai.

Halisi vipi? Mkono ni wake, kitambulisho ni chake, ila waliomtuma ni ndugu zake. Angetia alama ya ndiyo, nani angejua? Lakini akamkumbuka mama, na usaili, ambako huulizwa kama umewahi kuidanganya serikali. Akamgeukia muuzaji.

"Mama, na kama nimetumwa?"

Yule mama akaivuta fomu taratibu. "Basi leo sikuuzii hata moja. Kila mtu aje mwenyewe, na kitambulisho chake."

Aliendesha gari kurudi nyumbani amefura. Tangu lini kutumwa kukawa kosa? Alikuwa na hakika amekataliwa kwa sababu ni mkimbizi.

Jioni wenzake walikuja kuchukua mizigo yao. Déo na Christian walicheka, wakasema bon, sawa, wataenda wenyewe wiki ijayo. Nathanaël, rafiki yake wa chanda na pete, ndiye aliyekasirika.

"Ungeandika ndiyo, basi. Sasa umekuwa Mzungu?"

"Ndugu yangu, si twende wote? Nitakupeleka mimi."

Nathanaël akatazama zulia. "Mimi siwezi kwenda."

"Kwa nini?"

"Wataangalia jina langu."

Kethia, aliyekuwa akileta ugali, akasimama palepale. Mwaka uliopita Carmel, mke wa Nathanaël, alilala kwenye kochi lile alilokalia sasa Nathanaël, jicho likiwa limevimba, polisi wakiwa wamemchukua mumewe. Hakimu alimhukumu Nathanaël kwa kumpiga mkewe, kisha kanisa likawapatanisha, watu wakala, wakaimba, jambo likahesabiwa limekwisha. Wilondja kweli alikuwa amelisahau. Hukumu haikusahau: aliyehukumiwa kwa kosa kama hilo hauziwi bunduki.

"Baba Samson," Kethia akamuuliza mumewe mbele ya mgeni, "na ile ya nne ungempelekea wewe?"

Wilondja akalitazama lile kochi. Angeipeleka, ndiyo, mpaka mlangoni, na wa kumfungulia angekuwa Carmel.