Mchanga Mwekundu wa Merv Pascoe

Merv Pascoe alifanya kazi mgodini hapa Broken Hill, Australia, miaka thelathini na minne, na alipostaafu alimwomba Mungu kazi isiyo na vumbi. Akapewa ya kuchekecha mchanga.

Mimi ni jirani yake na mkewe. Ua mmoja tu unatutenganisha, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani, kwa hiyo haya niliyajua bila kuuliza.

Rafiki yake, Kel Hannaford, alikuwa anapaka rangi sanamu za askari, ndogo kama kidole gumba, za kuchezea vita mezani. Wanaocheza ni wazee wazima. Wanarusha dadu, wanapima hatua kwa rula, na hakuna anayecheka. Askari wa Kel walikuwa wapanda farasi wa Australia, wale waliokwenda kupigana na Waturuki jangwani Sinai, maana babu yake alikuwa mmoja wao. Farasi sitini, miaka sita.

Kazi ya Merv ilikuwa ardhi. Kila farasi anasimama juu ya kibao chembamba, na kibao hicho lazima kiwe jangwa. Basi Merv alikuwa anakwenda na ndoo nje ya mji, anachota mchanga mwekundu wa jangwa letu, anauchekecha kwa chekeche la unga la mkewe Lorna, anauoka kwenye oveni ya Lorna ili mayai ya wadudu yafe. Kisha anapaka kibao gundi nyeupe, anakichovya mchangani, anabandika vijiwe viwili vitatu na nyuzi za ufagio ziwe nyasi. Lorna alinunua chekeche jingine. Ufagio ulibaki na kipara.

Halafu mikono ya Kel ikaanza kutetemeka. Daktari hakumficha. Kila Oktoba huwa kuna maonyesho ya michezo hiyo katika mji wa Mildura, na siku moja Kel akasema pale barazani kwa Merv, "Mwaka huu nataka niwapange mezani mwenyewe, kwa mikono yangu. Mwakani sidhani kama nitaweza."

Zikiwa zimebaki siku nane, watu wa Mildura wakatuma picha ya meza waliyoitengeneza iwe jangwa. Merv akaitazama kwenye simu. Akaigeuza simu, akaitazama tena.

"Wamekosea," akasema. "Jangwa la wapi hili la rangi ya uji?"

"La Sinai, labda," Lorna akajibu.

"Jangwa ni jekundu, mama."

"Wewe umeona majangwa mangapi?"

Merv akafikiri. "Hili."

Kel alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake cha chai kama mtu aliyedondosha kitu humo.

"Kel, hebu sema."

"Babu alisema kule kulikuwa kweupe kama unga."

"Kumbe ulijua?"

"Tangu kibao cha kwanza."

"Miaka sita umekaa kimya, mzee mzima!"

"Ulikuwa na furaha, bwana. Tena mchanga ulikuwa umeshauoka."

Nimeona watu wakificha mambo kwa uovu, na wengine kwa woga. Huyu alificha kwa upendo, na bado kazi ilikuwa palepale.

Kel alitaka waende na vibao hivyo hivyo. Merv akakataa. "Wasimame pale kama wamekanyaga sosi ya nyanya? Atakayechekwa ni wewe, si mimi."

Kubandua hawakuweza, kwato zingekatika. Ilibidi vibao vipakwe rangi nyeupe juu ya ule wekundu, brashi ipite katikati ya miguu minne ya kila farasi. Mikono ya Kel haikuweza tena, na vidole vya Merv ni vya kushika nyundo. Lorna ndiye anayepamba keki za harusi kanisani kwetu. Alivaa miwani, akavuta kiti.

Ijumaa saa nane mchana akamaliza. Merv akawapanga farasi kwenye sinia, akazianika barazani, jua likaushe upesi.

Nikamwita kutoka uani kwangu, "Merv, upepo umegeuka!"

"Nusu saa tu, dada!"

Mtu aliyezaliwa hapa anaujua upepo ule. Mimi nilianua nguo zangu kwenye kamba, nikaingia ndani.

Ukuta mwekundu wa vumbi ukaja kutoka magharibi, ukafunika mji kwa dakika ishirini. Ulipopita nikavuka kwenda kwao. Rangi ilikuwa bado mbichi, na ilikuwa imeshika kila kilichopita. Vibao, farasi, kofia. Merv alikaa kwenye ngazi, Kel kando yake. Hakutukana, kwa kuwa nilikuwepo.

"Nisamehe, Kel. Nimekuharibia."

Kel akachukua farasi mmoja, mkono wa kushoto ukishikilia wa kulia. Akampuliza. Kibao hakikuwa chekundu tena, wala cheupe. Kilikuwa na rangi ya biskuti iliyokaa sana motoni. Farasi alikuwa na vumbi mpaka tumboni.

"Babu alisema walilitafuna vumbi," akasema. "Mimi miaka sita nimewapaka kama wametoka kufuliwa."

"Ndio nini sasa?"

"Ndio wao."

Alfajiri tukaondoka, kilomita mia tatu, Lorna akiwa na sinia mapajani. Nami nilikuwa kiti cha nyuma na sinia nyingine, nikiomba kila tulipofika kwenye shimo. Kel aliwapanga mwenyewe. Ilimchukua saa nzima, watatu wakaanguka, akawainua. Hakuna aliyemsaidia, maana Lorna alikuwa amesimama hapo akiwakazia macho watu wasimsogelee. Kisha Kel akapigwa na Waturuki wa mezani kabla ya chakula cha mchana, akala vizuri sana.

Mwanamume mmoja wa Adelaide akainama mezani muda mrefu, akamuuliza Merv vumbi lile amelitengenezaje.

"Ni hatua nyingi," Merv akasema. "Kwanza unaoka mchanga."

"Halafu?"

Merv akanitupia jicho.

"Halafu humsikilizi jirani."