Mzee Mwinyimvua na Mwalimu Tunu

Mtaa wa Kongo mzima ulimjua Mzee Mwinyimvua kwa mdomo. Miaka thelathini alisimama juu ya meza akinadi mashati ya mitumba, na sauti yake, wallahi, ilikudaka kona ya Msimbazi kabla hujamwona mwenyewe. Ukipita bila kununua, anakutania mpaka unarudi. Mwaka jana kiharusi kikampiga. Mkono ukarudi, mguu ukarudi, maneno yakagoma. Anachotaka kusema anakijua, ila mdomoni inatoka "ba... ba..." basi.

Jamani, roho ilimuuma! Kilichomuuma zaidi ni ndoa ya binti yake, Nasma, iliyobakiza miezi miwili. Sheikh alimwambia asihangaike, ampe yeye uwakala amwozeshee, dini inaruhusu. Mzee akatikisa kichwa hadi kofia ikadondoka. Mtu aliyewanadia mashati watu asiowajua, leo ashindwe kumwoza mwanawe kwa mdomo wake? Thubutu!

Hospitali wakamwekea Nasma programu kwenye simu. Ndani yake alikuwamo mwalimu wa katuni, Mwalimu Tunu, kibinti cha macho makubwa na midomo inayofunguka polepole ili uone ulimi unakaa wapi. Siku ya kwanza akachangamka: "Habari! Sema: kikombe."

Mzee akageukia ukutani.

"Baba, vipi tena?" Nasma akauliza.

Aliyeelewa ni mkewe mzee, Bi Sitara. "Katoto kadogo hako, shikamoo hakana? Wewe ungeitika?"

Programu ile ilikubali kuongezewa maneno, basi Nasma akachapa mawili. Tunu akafungua midomo: "Shikamoo, babu."

"Marahaba," akaitika mzee.

Likatoka zima, halina hata mkwaruzo. Bi Sitara aliangusha upawa, akakaa chini akalia kwa furaha.

Toka hapo mzee na Tunu wakawa damudamu. Kikombe. Maji. Mlango. Siku nyingine neno linakubali, siku nyingine mzee anaitupa simu kitandani kwa hasira, kisha anaifuata mwenyewe. Zilipobaki wiki tatu, Nasma akachapa maneno ya kuozesha. Balaa likaanza hapo, maana kutwa nzima ndani ya nyumba sauti ya kike ikawa inasema, "Ridhiwani, nimekuoza binti yangu Nasma, kwa mahari mliyokubaliana."

Jirani yao, Maimuna, akashindwa kuvumilia, akachungulia dirishani. "Bi Sitara, tangu lini mwanamke akaozesha?"

"Usiniulize mimi, shoga yangu. Tangu asubuhi ameshaozesha mara arobaini!"

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko chake tangu augue.

Siku ikafika. Msikitini mzee akakaa uso kwa uso na bwana harusi, wakashikana mikono. Huyo Ridhiwani anauza spea za magari mtaa wa Gerezani, na kwa kuongea mjini hapa hana mpinzani. Sheikh alikuwa karibu, tayari kusaidia.

"Ri... Ridhiwani."

Jasho likamtiririka mzee shingoni. Akafumba macho, akaiona ile midomo ya Tunu ikifunguka, akaifuata.

"Nimekuoza... binti yangu... Nasma... kwa mahari... mliyokubaliana."

Alhamdulillahi! Watu wakapumua, wakamgeukia bwana harusi aitike. Lakini mwongeaji wetu machozi yalikuwa yanamtoka. "N... n..." Akajaribu tena. Hakuna kitu.

Mzee akamvuta mkono, akamsogeza karibu. Akatoa macho makubwa, akafungua midomo polepole kabisa ili kijana aone ulimi unakaa wapi.

"Sema," akamwambia. "Ni-me-ku-ba-li."