Funza wa Rubya Waliopanda Basi hadi Dar

Nilifunga safari ya Kagera kwa sababu ya funza. Mimi na wenzangu watatu, wanafunzi wa chuo Dar es Salaam, tulikuwa tumebadili vinasaba vya bakteria wa maabara ili watengeneze protini inayomuua fukusi wa migomba, mdudu anayetoboa mashina yake, akiwa bado funza. Angalau tuliamini hivyo. Funza wa kuwajaribu hatukuwa nao, na mimi, mzaliwa wa Tanga, sikuwahi kumwona hata mmoja.

Bukoba nilifika alasiri, miguu imevimba kwa kukaa. Nililala mtaa wa Kashai kwa Jovina, niliyesoma naye sekondari. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Watu huja huku kutafuta senene wa kula, wewe unatafuta fukusi!"

Asubuhi tulipanda gari la Muleba, kisha bodaboda hadi Rubya, kwa shangazi yake, Ma Koku. Jovina alipiga goti kumwamkia kwa Kihaya, nami nikapiga goti nikiitikia nisichokielewa.

"Karibu waitu, mwenzetu," Ma Koku aliniambia. "Umekuja siku yenyewe."

Alitupeleka moja kwa moja kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba. Upepo ulikuwa umeangusha mgomba wenye mkungu mchanga. Alipasua kitako cha shina kwa panga. Ndani kulijaa mashimo, na humo mashimoni walijikunja funza weupe, wanono, wenye vichwa vya kahawia.

"Ndio hawa!" nilipiga kelele. Kisha nikauona uso wake. Mkungu ule ulikuwa chakula cha nyumba ile.

"Hao bakteria wenu alionieleza Jovina," aliuliza, "mtawamwaga hapa?" Akanionyesha makaburi kati ya migomba. "Mume wangu yuko pale. Baba yake yuko pale. Udongo huu si wa kuchezewa."

Nilimweleza kwamba bakteria wetu hawatoki maabara, na kwamba kazi ikifaulu, tungependa siku moja kuleta unga wa bakteria waliokwisha kuuawa, wenye protini tu. Na bila ruhusa ya serikali na yake, hata punje haitaingia.

Alimgeukia Jovina. "Mletee kopo."

Njiani kurudi nililipakata kopo lenye matundu, funza wakiwa ndani ya vipande vya kitako. Kila mara basi liliposimama nilichungulia. Walikuwa wakila, na mimi nikitabasamu peke yangu.

Dar, tuliwagawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilipewa chakula chenye protini yetu, la pili chakula kitupu. La pili likaendelea kula. La kwanza likapunguza, likaacha, likatulia kabisa. Tulikumbatiana, tukaruka, mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Nilimpigia Ma Koku hapohapo. "Wamekufa, Ma! Wamekufa!"

Akapiga vigelegele. "Mnaleta lini?"

Ilinibidi nimwambie ukweli: bado. Lazima kwanza tujue kama protini hiyo haidhuru nyuki, wala minyoo ya udongo.

"Sawa," alisema. "Mkimaliza, njoo uwaeleze majirani kwa mdomo wako mwenyewe. Siwezi kukubali peke yangu kwa niaba ya kilima kizima."

Niliondoka Dar nikidhani kazi ngumu ni kumuua fukusi. Sasa najua ni kuwaeleza wenye migomba wakaamini, na nimeanza kujifunza Kihaya.