Sanamu Inayosalimiwa Kila Asubuhi

Saa mbili asubuhi, Papa Damien Kisimba amepiga magoti mbele ya kazi yake mwenyewe, anaisugua kwa kitambaa kilicholowa ili kuondoa unga. Jana aliisugua. Juzi pia. Ukimwona kwa mbali utadhani anasali. Ukisogea utasikia analalamikia mgongo.

Ni katika ukumbi mmoja karibu na bandari ya Kalemie, ambako wasanii watatu wanaonyesha kazi zao pamoja. Christiane amechora picha, Aboubakar ameandika mashairi yake juu ya vitambaa vya kuning'inia, na Damien, anayeishi kwa kuchonga vinu, ameleta sanamu. Ni mara yake ya kwanza kuchonga kitu kisichotwangiwa chochote.

Ni mtoto aliyesimama, mikono tumboni. Walitakiwa wawe wawili wanaokimbia vita, wameshikana mikono, kama shairi la Aboubakar linavyosema. Gogo likapasuka, siku zikaisha, Damien akamleta mmoja.

Hapo ndipo alipoteleza. Kwao Watabwa, pacha mmoja akifa, mama huchongewa mtoto wa mti. Humwogesha, humpaka mafuta, humlisha pamoja na yule aliyebaki. Damien ameyaona hayo tangu utotoni.

"Nilikuwa nawaza vanishi tu," anasema. "Muntu akichoka, hata mila ya kwao inamupita."

Mama Syntiche haikumpita. Siku ya ufunguzi, muuza dagaa huyu kutoka Katanika, kambi ya wakimbizi wa vita, aliingia kukwepa mvua tu, akasimama mbele ya sanamu mpaka nguo zikamkaukia mwilini. Kesho yake alirudi na unga na mafuta ya mawese. Vita vilipofika kijijini kwao, upande wa Moba, alikimbia na mapacha mgongoni, akafika na mmoja. Hakuna aliyemchongea wa pili.

Sasa anapita kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, anampaka mtoto wa mti mafuta na kumlisha unga, na vanishi imebaki jina. Aboubakar alimweleza kwa upole kwamba kazi za sanaa haziguswi.

"Papa, huyu si kazi," alimjibu. "Huyu hajakula."

Shida ni kwamba kuna mgeni ameipenda sanamu hiyo. Anarudi Jumapili, na anaitaka safi. Kwa malipo yake Damien angeacha kufuata magogo porini kwa miguu, safari ambayo magoti yake ya miaka hamsini na minane yameikataa zamani, ila hayana pa kulalamikia. Christiane anamsihi auze, kisha amchongee mama yule nyingine.

Mara Syntiche anaingia, beseni la dagaa kichwani. Anaona kitambaa, anaona maji yanayochuruzika kwenye miguu ya mti.

"Umeshamwogesha, Papa?" anauliza Syntiche. "Aksanti. Leo nimechelewa."

Anamsalimia mtoto, anamwachia unga kidogo, anakwenda zake. Damien anabaki palepale chini.

"Njo hivyo," anamwambia Christiane hatimaye. "Jumapili Mama Syntiche akuje na beseni, amubebe. Nani atauza mutoto wa muntu?"

Mgeni atachongewa mwingine, akikubali kungoja. Safari hii Damien atachonga mtoto mwenye viatu na tai, asifanane na mtoto wa mtu yeyote.

"Na banamama wakimusalimia huyo pia?" Christiane anamchokoza.

Damien anakamua kitambaa taratibu, anajishika kiuno, anainuka.

"Basi sitamaliza kuchonga."