Ubalozi Nilioufungua Sebuleni

Nilijifanya ubalozi. Wacha niseme mapema kabla ujasiri haujaniisha: nilimpigia nyanya yangu simu, nikabana pua, nikamwambia natoka ubalozini na nina maswali machache kuhusu viza yake. Wenzangu shule ikifungwa kwa sababu ya baridi hucheza gemu. Mimi nilidanganya mwanamke mzee.

Najitetea kidogo. Mama alikuwa amemwombea nyanya viza ya kuja kututembelea hapa Marekani, katika mji wa Savage, na tangu alipobonyeza kitufe cha kutuma maombi, nyumba yetu iligeuka chumba cha mahojiano. Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla hata ya kuvua makoti, alimpigia mamake kijijini akamkalisha mtihani. Unaenda Marekani kufanya nini? Kumtembelea binti yangu. Utafanya kazi? Hapana. Utarudi? Nitarudi, nina shamba, nina ng'ombe, nina kikundi cha akina mama kanisani. Nyanya alijibu kama mtoto anayekariri Amri Kumi, na mama bado alimsahihisha: usiseme "Mungu akipenda", watadhani hujaamua.

Kazi ya kuuliza maswali nilipewa mimi, kwa sababu Kiingereza changu ni cha hapa, na Kiswahili changu, mama anasema, kimevurugika vya kutosha kumtayarisha mtu kwa lolote. Sikudumu kazini. Nilimuuliza nyanya kama anaweza kupiga sarakasi, maana kuna sheria mpya kwa wageni wenye mvi. Nyanya akasema magoti yamechoka lakini hawezi kushindwa na serikali. Akaweka simu chini. Tukasikia meza ikisukumwa kando. Mama alininyang'anya simu na hakunirudishia cheo.

Kabla hujaninyooshea kidole, elewa kwamba kwetu huo si utovu wa adabu. Mzazi na mwanawe ndio wanaoheshimiana mpaka wanaogopana. Kuna mambo nyanya na mama hawawezi kuambiana hata nyumba ikishika moto. Nyanya na mjukuu ni watani. Mimi ananiita mume wake. Ananilaumu kwamba nimemwacha na kuni za kupasua, nami humwambia avumilie, niko huku natafuta mke wa pili mwenye meno. Huwa anacheka mpaka anakohoa, halafu ananiambia huyo mwenye meno atanila.

Mama ndiye hakuwa na mzaha. Hakuwa amemwona mamake tangu mimi nikiwa na meno ya utotoni. Babu alipofariki, karatasi za mama za uhamiaji hazikuwa zimetoka: angeweza kutoka Marekani, lakini kurudi asingerudi. Akayatazama mazishi ya babake kwenye simu, ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali anakofanya kazi kule Minneapolis, wakati wa mapumziko. Halafu akafuta uso, akarudi wodini kugeuza wagonjwa. Sasa karatasi zilishatoka. Lakini kila nilipomuuliza mbona tusiende sisi, alisema likizo hakuna, shifti hazina watu, tutaona. Kwa hiyo nyanya ndiye angekuja. Mama alikuwa na hakika kiasi kwamba nyanya hakuwa amepata viza lakini tayari alikuwa amepata kitanda changu. Mimi nilihamishiwa kochi la sebuleni. Kwenye kabati langu likaning'inia koti la zambarau, zito kama godoro, lebo ya duka bado haijakatwa shingoni, likimngoja mwenyewe.

Basi asubuhi hiyo baridi ikawa ile ya kukausha pua kwa ndani, shule zikafungwa, mama akaenda kazini kama kawaida kwa sababu wagonjwa hawafungwi. Mimi nikabaki kwenye kochi, miguu mitupu, nikichukia maisha. Nikawaza: kama mama amenifuta kazi, nitafungua ubalozi wangu. Nikapata namba mpya kwenye app ya bure, nikaweka picha ya bendera, nikapiga. Kijijini ilikuwa jioni, saa ya kukamua.

"Jambo, mama," nikasema, kwa sauti ya mmisionari aliyemeza pipi. "Hapa ni ubalozi."

Ubalozi wa kweli haumpigii mtu simu ukamuuliza maswali akiwa zizini. Nilijua, na nilidhani nyanya hajui. Mpango wangu ulikuwa mfupi: nimuulize, ajibu, nimwambie amepita na sasa aimbe wimbo wa taifa, halafu nicheke na yeye anitukane mpaka anipe baraka. Nikauliza anaenda kumwona nani. Binti yangu. Atafanya kazi? Hapana. Nikauliza kama atarudi.

Hapo ndipo shamba na ng'ombe hutajwa. Ng'ombe mwenyewe akalia huko nyuma, kama shahidi aliyeitwa kabla ya zamu yake.

"Baba," nyanya akasema, "nikikuomba jambo utanisikia?"

Nikasema ubalozi unasikiliza.

"Unikatae."

Nikasema, samahani? Nikasahau hata kubana pua.

Akarudia, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwamba binti yake anamtaka sana aje, na yeye hana mdomo wa kumwambia hapana, kwa hiyo hiyo hapana itoke ubalozini, mahali ambapo watu wamezoea kukatazwa. Kwamba kuna mama wa kijiji cha pili aliyeenda kumtembelea mwanawe Marekani akiwa anatembea, akarudi ndani ya sanduku, na watu wa huko wakamchangia nauli ya kurudi kama wanaochangia harusi. Ile michango naijua. Hufanyiwa kwenye ukumbi wa kanisa, picha ya marehemu mezani, sahani za pilau zinazunguka. Mimi huenda kwa ajili ya sambusa. Nimewahi kurudi kwenye foleni tena na tena, mbele ya picha ya mtu, nikimwambia rafiki yangu kwamba kama wafu wanapikiwa hivi, basi wafe kila Jumamosi.

Nyanya alikuwa bado anaongea. Mzee wake amelala nyuma ya nyumba, na yeye ndiye anayemfyekea nyasi. Akiondoka, nyasi hazitajua kwamba ametembea tu.

"Na binti yangu," akasema, "kaburi hilo hajaliona. Ananiita mimi ili asije yeye. Simlaumu. Lakini nikienda, hatakuja tena."

Mtu yeyote mwenye akili angesema hapo, nyanya, ni mimi. Mdomo wangu ukasema, "Tutalishughulikia, mama."

"Asante, baba. Na uvae soksi, baridi hiyo itakuua."

Akakata.

Nilikaa na simu mkononi, bendera ikinitazama. Unajua ile hali ya kukanyaga ngazi ambayo haipo? Nilidhani namjua nyanya. Nilidhani ni mwanamke wa vichekesho na magoti mabaya. Sikuwahi kuwaza kwamba ndani ya wale ng'ombe na kikundi cha akina mama kulikuwa na mtu anayeomba akataliwe.

Jumapili iliyofuata mama akampigia tena, akamsomesha, na nyanya akajibu yote bila kuruka neno. Utarudi? Nitarudi, nina shamba, nina ng'ombe. Hata sauti haikutetemeka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa friji, natafuta maziwa ambayo nilikuwa nimeyashika. Mahojiano ya kweli yalikuwa wiki iliyokuwa inakuja. Nikinyamaza, anaweza kupewa viza na kuja kukaa chumbani kwangu akihesabu nyasi. Nikisema, mama atajua nilichofanya, na atasikia lile neno la kaburi.

Nilisema tukiwa garini, tukitoka kuwaona watu wa kanisa kule Inver Grove Heights. Nilichagua garini kwa sababu mikono yake ingekuwa kwenye usukani. Nikaanza na bendera na pua, nikitegemea achoke na makosa madogo kabla ya kufika makubwa. Nilipanga kuliruka lile la "ananiita ili asije yeye". Lilitoka lenyewe, tena kwa sauti ya nyanya, kwa sababu mimi nikisimulia naiga watu, ndiyo laana yangu.

Mama aliwasha indiketa, akatoka barabarani, akasimama kwenye kituo cha mafuta bila kuhitaji mafuta. Waipa zikaendelea kufuta theluji. Nilingoja kofi. Nilikuwa hata nimegeuza shavu mbali naye ili asumbuke kulifikia.

"Mwisho alisema nini?" akauliza.

Nikamwambia alisema asante.

"Baada ya asante."

Nikamwambia: nivae soksi, baridi hiyo itaniua.

"Ubalozi uko Nairobi," mama akasema. "Nairobi miezi hii ni jua tupu. Nani mwingine unamjua anayekaa kwenye baridi na havai soksi?"

Ilinichukua muda, na nitakiri kwamba nilitazama miguu yangu kwanza. Nyanya alinijua. Pengine tangu ile "Jambo". Alikaa pale zizini akamsikiliza mume wake akibana pua, akaona njia. Asichoweza kumwambia binti yake alimwambia mtani wake, na kwa sababu mtani alikuwa amevaa ubalozi, hata haya hakuhitaji kuona. Mimi niliyedhani namchezea, kumbe nilikuwa natumwa.

Mama aliinamisha paji la uso kwenye usukani, mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza. Jamaa aliyekuwa anajaza mafuta kando yetu alitutazama, nikampungia mkono. Mama alipoinua uso ulikuwa umelowa, na mdomoni kulikuwa na ule utundu niliodhani ni wa nyanya tu, wa kusukuma meza ili apige sarakasi. Akatoa breki.

"Kesho asubuhi kabla ya shule, fungua huo ubalozi wako tena," akasema. "Mwambie mama yangu ombi lake limekubaliwa: amekataliwa. Na lile koti, umwambie, nitampelekea mimi mwenyewe."